Mbaazi zina bei, mchezaji ana 'dau nono'

Kijiwe cha kahawa, jirani na stendi,
Babati, Manyara.

Kwa Rais,
Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF),
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUWAINGIZA WACHEZAJI WA MPIRA KATIKA MFUMO WA STAKABADHI GHALANI

Ndugu Rais,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wanakijiwe wa kahawa hapa Babati. Wa Simba ya Msimbazi tupo, wa Yanga ya Jangwani tupo, na yupo mmoja wa Azam ambaye tunamvumilia kwa sababu ndiye anayelipia kashata. Tumeungana kwa ajili ya barua hii tu. Ikishafika kwako kila mtu atarudi upande wake wa benchi. Kwa kuwa hutufahamu, tujitambulishe kwa kazi yetu: sisi ndio tunaosajili. Viongozi wa klabu husaini makaratasi, sawa, lakini mchezaji hajasajiliwa mpaka kijiwe kimtazame kwenye kipande cha video cha dakika mbili, kimwongezee miaka ambayo pasipoti yake imeisahau, kimpangie namba, kisha kigawanyike. Kuacha wachezaji nako ni kwetu. Wengi wanaopewa thenkyu na klabu zao mwezi wa sita, sisi tulishawapa mwezi wa pili. Kazi zote hizi tunazifanya bila posho wala kikao cha hotelini, na tunalishukuru Shirikisho kwa kutotusumbua na mambo hayo.

Kuna jambo moja tu linalotukwamisha. Hatujui bei.

Babati, Ndugu Rais, ni mji unaojua bei. Barabara ya Arusha, ya Dodoma na ya Singida zinakutana hapa, na kila gari linaloshuka au kupanda lina kitu cha kuuza. Mchele wa Magugu una bei yake, vitunguu saumu vya Mbulu vina bei yake, mbuzi wa mnadani ana bei, na asiyejua bei hapa anaitwa mgeni. Kijiweni tuna dalali wa mbaazi, mtu wa makamo, mpole, shabiki wa Simba tangu hajaota ndevu. Akifikiwa na gunia haulizi limetoka shamba la nani. Anachomeka bambo ubavuni mwa gunia, anachungulia kinachomwagikia kiganjani, anapuliza vumbi, anatia punje moja mdomoni na kuibana kwa meno ya pembeni kusikiliza kama imekauka. Ndipo anataja hela. Sasa mtu huyu, klabu yake ikitambulisha mshambuliaji mpya saa sita usiku, sisi wote tukiwa tumekodoa macho kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, yeye huuliza swali lile lile: "Ametoka shilingi ngapi?" Huyu anasema dau nono. Yule anasema amesikia ni fedha ndefu. Wa Azam anasema klabu zimeafikiana kutoweka wazi. Dalali anatazama kikombe chake, anatikisa kichwa, anakunywa.

Labda nieleze kwa nini usiri huu unamwuma dalali. Mbaazi siku hizi haziuzwi kando ya barabara kwa kunong'onezana. Mkulima anazipeleka chama cha msingi, zinapimwa uzito na unyevu, zinakwenda ghalani, anapewa stakabadhi. Siku ya mnada wanunuzi wanaweka zabuni zao kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, kisha bei ya juu na bei ya chini zinasomwa mbele ya wakulima. Wakulima wakiona bei haina maana, wanakataa na mzigo unabaki ghalani. Wakikubali, fedha inakwenda benki baada ya makato, na makato yenyewe yanajulikana yanakwenda kwa nani. Sisemi wote tunaupenda mfumo huu. Kuna mkulima hapa ukimtajia ghala anabadilisha njia. Lakini hata huyo, ukimwuliza mbaazi zake ziliuzwa kiasi gani kwa kilo, atakujibu. Na hii ni mbaazi, Ndugu Rais, zao ambalo India ilipobana kuliingiza kwake mwaka 2017 lilituozea majumbani. Limefika mahali lina heshima ya kutangaziwa bei, ilhali mtu mzima anayevaa jezi namba tisa mbele ya taifa hana.

Mtasema usiri ni desturi ya biashara. Mwaka 2021 mliingia mkataba wa haki za matangazo ya ligi na Azam, miaka 10, shilingi bilioni 225.6, na takwimu hiyo mlitutajia mpaka kwenye nukta. Kijiwe kizima kiliishika, na hata leo ukimwamsha mtu usingizini ataitamka na ile pointi sita yake. Kwa hiyo kutaja fedha mnaweza. Isitoshe, tangu 2010 kila uhamisho wa kimataifa wa mchezaji wa kulipwa hupita kwenye mfumo wa FIFA wa TMS, na klabu zinatakiwa kuingiza humo kiasi cha ada na jinsi kitakavyolipwa. Maana yake kule Zurich kuna karani, pengine hajui Simba ni mnyama au ni timu, lakini anajua mchezaji wetu kauzwa kiasi gani. Sisi tunaoweka jezi yake juu ya kochi asiikalie mgeni hatujui.

Tumewahi kutajiwa bei, tusiwe wachoyo wa fadhila. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia, na tukaambiwa ni dola 300,000. Siku ile kijiweni hapakukalika. Fedha ilishapangiwa matumizi kabla kahawa haijapoa: kuna waliojenga uwanja, kuna walionunua basi, na mzee mmoja, marehemu sasa, alipendekeza wanachama tugawiwe. Kilichofuata mnakijua. Mchezaji alikwenda, fedha haikuja. Mwaka ule ule ukiwa haujaisha, Okwi huyo huyo akaibukia Yanga, na Simba wakabaki na mashauri FIFA ya kudai deni kwa miaka. Tangu hapo mzee wetu akisikia dau limetajwa alikuwa anauliza: limetajwa au limelipwa? Tunaomba swali hilo liingizwe kwenye fomu zenu.

Na kuna mara moja bei ilitajwa na mchezaji mwenyewe. Desemba 2022 Feisal Salum aliiwekea Yanga shilingi milioni 112, akisema ndivyo mkataba unavyomruhusu kujinunua. Yanga wakasema haendi popote, kamati yenu ikasema ni mchezaji halali wa Yanga, na nchi ikagawanyika katikati kuliko inavyogawanyika kwenye uchaguzi. Nani alimaliza? Rais wa nchi, wala si wewe. Juni 2023, Yanga wakiwa wamealikwa Ikulu kupongezwa kwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Rais Samia akawaambia yale mambo ya Feisal wayamalize. Siku chache tu Feisal yuko Azam. Tuliipokea kwa shangwe, hasa huyu wetu wa Azam, aliyenunua kashata kwa meza nzima. Ila kwa heshima zote, Ndugu Rais, tukiongeza uhamisho mwingine wenye mgogoro kila msimu, Ikulu itabidi ifungue dawati la usajili. Na hata baada ya mkono mkubwa hivyo kuingia, Azam walilipa kiasi gani? Nono.

Nije sasa kwenye mambo ya nyumbani, maana mtasema watu wa Babati wanasemea timu za Dar es Salaam. Sisi tuna uzoefu wa kuuzwa na kununuliwa ambao hata Kariakoo hawana.

Fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB ya msimu wa 2023/24 ilipangwa ichezwe hapa, Uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Watu walipaka rangi vyumba vya wageni. Mama wa supu alikopa sufuria kubwa. Fainali ikachezwa 2 Juni 2024 New Amaan Complex, Zanzibar, Yanga wakaibeba kwa penalti dhidi ya Azam, nasi tukaitazama kwenye kibanda cha video, tukilipa kiingilio kuona fainali yetu wenyewe. Hatuna kinyongo na Wazanzibari. Tunachouliza ni cha kihasibu: ule uhamisho ulikuwa wa moja kwa moja au wa mkopo? Kama ni wa mkopo, mkataba unaisha lini? Maana hata fainali ya msimu uliofuata ilichezewa huko huko, na mchezaji wa mkopo akikaa misimu miwili bila kurudi, kijiwe kinaelewa ameshauzwa.

Halafu tukapata klabu. Wengine wanasajili mchezaji. Babati mwaka 2024 tulisajili timu nzima, kocha, basi na mtunza vifaa. Ilikuja Fountain Gate. Tukaichunguza historia yake ya matibabu kama inavyotakiwa. Ilizaliwa DTB. Ilipopanda Ligi Kuu 2022 ikawa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Ikapita Mwanza, ikafika kwetu ikiwa imeacha neno Singida njiani. Wakati huo huo Ihefu ya Mbarali ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars. Kama umechanganyikiwa usione haya, hapa tulichora kwa mkaa ukutani na bado mishale ilipishana. Lakini tuliipokea. Mtu akija na mabegi yake unampa maji kwanza, maswali baadaye.

Na kweli ilitupa raha. Ilitupa Selemani Mwalimu, kijana wa Zanzibar aliyekuwa anafunga hapa Kwaraa mpaka watoto wa shule wakaanza kunyoa kama yeye. Kwa mara ya kwanza kijiwe kilijadili mchezaji ambaye unaweza kumkuta anasubiri bajaji. Januari 2025, ligi ikiwa katikati, Wydad Casablanca wakamchukua. Tulijivuna, usinielewe vibaya. Si kila siku Babati na Casablanca vinatajwa kwenye sentensi moja. Baada ya fahari likaja swali la dalali. Tukaanza kupiga hesabu ya Fountain Gate itafanyia nini fedha hizo, ndipo tukaambiwa kijana alikuwa kwetu kwa mkopo, mwenye mali ni Singida Black Stars. Yaani timu iliyotoka Singida ilikuja Babati, timu iliyotoka Mbarali ikaenda Singida, na mfungaji wa Babati akawa mali ya Singida. Sisi tulichobaki nacho ni mtindo wa nywele. Agosti mwaka huo huo Wydad wakamleta Simba kwa mkopo. Amepanda ndege mpaka Morocco, akapanda tena kwenda na Wydad Kombe la Dunia la Klabu kule Marekani, akarudi Tanzania kuvaa nyekundu, na timu aliyoiacha hapa ilimaliza msimu ikipigania roho yake kwenye mchujo dhidi ya Stand United.

Msidhani tunasema hakuna tulichopata bure. 6 Februari 2025 Simba walikuja hapa wakaongoza kwa bao la Leonel Ateba. Kisha Ladaki Chasambi akarudisha mpira kwa kipa wake Moussa Camara, akaurudisha kwa nguvu na kwa imani, ukapita, ukaenda wavuni. Moja kwa moja. Dalali wetu alikaa kimya mpaka uwanja ukabaki mtupu. Mtani wake akamwambia huo ndio usajili wa pekee wa dirisha dogo ambao Fountain Gate hawakudaiwa hata senti.

Na 31 Mei, nusu fainali ya Kombe la CRDB, pale pale Kwaraa, Simba wakalala 3-1 mbele ya Singida Black Stars, Jonathan Sowah akiwa miongoni mwa waliowaliza. Dirisha lilipofunguliwa Simba wakamsajili Sowah. Kanuni hii tumeielewa na tunaiunga mkono: akikupiga, mnunue. Ni rahisi kuliko kumkaba. Ombi letu ni kwamba wachezaji wanaokuja kuwafunga vigogo kwenye uwanja wa Babati wahesabike kuwa wamefanyiwa maonesho Babati, na halmashauri ipate ushuru wake wa soko.

Nimefika kwenye makato. FIFA wana kanuni ya mshikamano: mchezaji akiuzwa kimataifa, asilimia tano ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu wa kutimiza miaka 12 hadi wa 23. Misimu minne ya mwanzo kila mmoja unachukua asilimia tano ya hiyo tano, minane iliyobaki asilimia kumi kila mmoja. Tangu 2022 fedha hizo zinapitia nyumba maalumu ya FIFA iliyoko Paris. Mwalimu wa hesabu wa sekondari, ambaye huja kijiweni siku za mshahara, alitupigia: klabu ya hapa ikimlea mtoto miaka 12 mpaka 15 tu, akaja kuuzwa kwa dola 300,000 kama za Okwi, klabu ile inapata dola 3,000. Kwa dola 3,000 unaweka nyavu na mipira kila uwanja wa vumbi kutoka hapa mpaka Galapo. Tukafurahi sana. Kisha akauliza, mtoto anayecheza pale kando ya ziwa na viboko ameandikishwa wapi? Ana kadi ya klabu gani? Hakuna aliyejibu. Paris watatafuta jina la klabu iliyomlea, watakuta nafasi tupu, na asilimia moja yetu itaangukia mikononi mwa wengine kwa mujibu wa sheria.

Mbaazi haipiti njia hiyo. Gunia likitoka Dareda limeandikwa Dareda mpaka siku ya mnada.

Kwa hiyo tunaomba, Ndugu Rais, wachezaji waende ghalani. Wapimwe afya hadharani kama tunavyopima unyevu, tumechoka na mchezaji anayefaulu vipimo Jumatatu na kushika nyama za paja Jumatano. Apewe stakabadhi yenye jina la klabu ya mtaani aliyoanzia, hata kama ni timu ya gereji. Mnada usomwe kwa sauti. Na wanachama wapewe haki ile ile ya mkulima ya kunyoosha mkono na kukataa bei, ijapokuwa najua kwamba haki hiyo ingekuwepo mwaka 2021, Chama asingepanda ndege kwenda Berkane wala Miquissone asingefika Al Ahly. Wangekuwa bado wako ghalani Msimbazi, wanazeeka kwa mapenzi yetu.

Mfumo huu utawafaa na nyinyi. Mwaka 2024 Simba walimtambulisha Lameck Lawi, Coastal Union wakasema hatujauza, malipo hayakuja kwa wakati. Mwaka huo huo Yanga wakasema Yusuf Kagoma wao walishamalizana na Singida Fountain Gate, Kagoma akiwa tayari anavaa nyekundu. Kamati zenu zilikesha. Kwa utaratibu wa ghala, gunia moja halina stakabadhi mbili, na anayefanya hivyo tunajua analala wapi.

Najua mtatuambia shabiki hanunui mchezaji, bei haimhusu. Hapo naomba nikueleze lililotokea Agosti 2025. Mohamed Hussein, Tshabalala, nahodha wa Simba, aliyekuwa Msimbazi tangu 2014, alitambulishwa Yanga. Jirani yangu wa benchi, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa ameishika simu. Hakusema neno. Aliinuka, akaenda dukani kwake hatua chache tu, akarudi na mkasi na jezi yenye jina la nahodha mgongoni, akaketi, akaanza kufumua herufi moja moja kwa ncha ya mkasi, taratibu, asichane kitambaa. Wa Yanga walikuwa wamejiandaa kumzomea, wakajikuta wanamshikia taa. Alipofika kwenye herufi ya tatu akaniuliza kama nahodha ameondoka bure. Nikamwambia mkataba uliisha, ni mchezaji huru. Akasema, "Bure kabisa? Miaka yote hiyo?" Akaendelea kufumua. Jezi ile aliinunua kwa hela ya sare za shule za watoto wa watu, na risiti anayo. Katika mlolongo mzima wa soko la mpira wa Tanzania, yeye ndiye mwenye risiti.

Tunategemea majibu kabla ya saa sita usiku ya siku ya mwisho ya dirisha. Mkichelewa msihangaike kutafuta sababu. Nasi, kama klabu zote, tutawaambia wenzetu kwamba mtandao wa TMS ulikuwa unasumbua.

Wenu katika ujenzi wa mpira wa miguu,

Katibu wa kijiwe
(kwa niaba ya mwenyekiti, ambaye yuko mnadani)

Nakala:
Bodi ya Ligi Kuu Tanzania – kwa taarifa.
Soko la Bidhaa Tanzania – mtuandalie nafasi ya washambuliaji, mabeki tunaweza kuwaanika nje.
Fountain Gate FC – mkitaka kuhama tena, tuambieni mapema tuwaandalie stakabadhi.